Bega na Mabega

Simu ilikuwa imeegemea mkebe wa maziwa ya mtoto, mkebe uko juu ya vitabu vya shule, vitabu viko juu ya kile kiti kirefu cha kulishia. Ukipiga chafya, vyote chini. Hicho ndicho kilichokuwa chumba cha tiba cha Mikono siku hizi. Mwenyewe alikaa mbele ya simu kwenye mkeka, juu kavaa blauzi yake nyeupe ya kazi, chini suruali ya kulalia yenye picha za sungura, maana simu haikuona zaidi ya kifua.

"Fumbeni macho," alisema. "Mkono wa kulia ushike bega la kushoto. Usilikamate kama mwizi, jamani, litulize tu. Haya, tafuta pale panapouma. Umepapata? Pole. Bonyeza taratibu... pole... sasa vuta pumzi, ishikilie."

Kwenye kioo wateja wake walikuwa wamejipanga, kila mmoja na kijidirisha chake. Mwalimu mstaafu na taulo shingoni. Dada wa benki kajifungia stoo ya ofisini, nyuma yake maboksi ya karatasi. Wengine walificha sura wakabaki na majina waliyojipa wenyewe: Kiuno, Shingo, Goti. Kundi lao Mikono aliliita Mabega, kwa sababu tangu aanze kazi ya kukanda watu hajaona mwenye shida ambaye shida yake haikukaa begani.

Na hilo neno pole ndilo lililomjengea jina. Enzi za kukanda kwa mikono, kidole chake kikikuta fundo alisema pole kabla mtu hajaguna. Watu wakamtania kwamba wanakuja kupewa pole, kukandwa ni nyongeza. Alipohamishia kazi kwenye simu alidhani atapoteza kila mtu. Kumbe sauti yake nayo ilikuwa na vidole.

Basi wenzake wakiwa wamefumba macho, yeye akafumbua yake. Kosa! Macho yakaenda moja kwa moja sakafuni, pale palipobaki alama za miguu ya kitanda. Jua la asubuhi lilipita kwenye pazia likamwagika hapo hapo, na ndani ya mwanga ule vumbi lilikuwa likielea polepole, na Mikono naye akaelea nalo. Akaiona ile shingo ya mumewe yenye unga wa mbao. Akausikia ule mluzi wake mdogo usio na wimbo, wa kupima ubao kwa macho. Alitamani kumnusa tu. Hata kama hatasema neno, apite tu karibu.

"Mwalimu," sauti ya kubanwa ikatoka kwenye simu. "Tutoe au bado?"

"Toeni! Toeni jamani! Poleni!"

Mabega yote yakashuka kwa mpigo.

Hebu kwanza nikueleze habari ya kitanda hicho, maana pasipo hicho hakuna mapenzi wala ugomvi. Zamani kabla ya watoto, Mikono alimwagiza fundi seremala amtengenezee kitanda cha kukandia, chenye tundu la uso ili mteja akilala kifudifudi aweze kupumua. Fundi alikileta mwenyewe, bega moja limeshuka kwa maumivu na hataki kusema. Akaingia chini ya kitanda kukaza skrubu. Mikono, bila kujua mwenzake yuko chini bado, akajilaza kukijaribu, akatumbukiza uso kwenye tundu. Akafumbua macho. Akakutana na macho mengine yanamtazama kutoka sakafuni.

Hakuna aliyepiga kelele. Walitazamana tu, yeye juu, yule chini, karibu kiasi cha kuhesabiana kope.

"Linakutosha?" fundi akauliza.

"Linanitosha," Mikono akajibu, moyo unamdunda kwenye plaiwudi. "Toka huko chini."

Alitoka. Akakandwa bega siku ile, na siku iliyofuata, na bega likakataa kupona mpaka walipooana. Yeye alimwita mkewe Mikono, mkewe akamwita Bega, na majina ya vyeti yakabaki kwenye vyeti.

Sasa watoto. Binti mkubwa hakuwa na neno, yeye na vitabu vyake. Ila mdogo wake, Bwana Mdogo, alipojua kupanda vitu, chumba cha tiba kilikwisha. Alipanda juu ya wateja. Alionja mafuta ya mchaichai. Ndipo Mikono akaamua kazi ihamie kwenye simu, na mumewe akakubali, kwa mdomo. Lakini kitanda kilijaza chumba kizima. Siku moja akakisukuma uani, apate nafasi ya kipindi kimoja tu, kisha akirudishe.

Katikati ya kipindi mvua ikanyesha.

"Ulisikia mvua?" Bega alimwuliza jioni ile, amesimama uani, maji yanamchuruzika, plaiwudi imevimba na kufunuka mbele yake.

"Nilisikia."

"Ukaendelea."

"Watu walikuwa wamefumba macho, Bega. Ningewaachaje?"

"Mimi ningewaacha."

"Samahani."

"Samahani," alirudia, kama mtu anayelionja neno akute halina chumvi. Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha. Alikusanya mbao zake zote kwenye mkokoteni, akampa binti mkubwa busu la utosini, akasema ana kazi nyingi karakana, atalala kwa mama yake ambako ni karibu. Mikono alisimama mlangoni akiamini atageuka pale kona. Hakugeuka, na tangu siku hiyo akawa anapiga simu kuongea na watoto tu.

Haya. Turudi kwenye asubuhi yetu. Saa moja hivi baada ya kipindi kwisha, kabla Mikono hajapata hata kikombe cha chai, mlango ukagongwa na mama mkwe wake akaingia bila kusubiri kukaribishwa. Mkononi alikuwa na mfuko mkubwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimekuja kuchukua mashati ya mwanao mkubwa."

"Mwanangu mkubwa ni wa kike, mama."

"Namsema yule mwenye ndevu." Mama akajishusha kwenye kiti, akaanza kulikanda goti lake kwa vidole gumba, mduara, mduara. "Anakula kwangu, analala kwangu, anakoroma kwangu. Mimi huyo nilishamaliza kumlea. Nilimkabidhi kwako akiwa mzima."

"Mimi sikumfukuza."

"Hukumfukuza, ulimloweshea mbao. Kwa fundi ni kitu kimoja." Akaitazama simu juu ya mkebe, mkebe juu ya vitabu. "Na yote kwa ajili ya hiki? Niambie, mwanangu, mtu anakandwaje kwenye simu? Mikono yako inapita kwenye waya?"

"Haina waya, mama."

"Ndiyo nasema!"

Mikono akacheka bila kutaka, kisha kicheko kikamgeukia, akajikuta anafuta macho kwa mkono wa blauzi ya kazi. Bwana Mdogo akaacha mchezo wake, akaja kumshika goti. Mama mkwe akatazama dirishani, akampa nafasi amalize.

"Unampenda bado?" aliuliza, bado anatazama dirishani.

"Mama!"

"Nimeuliza nijue kama nifue mashati au niyaache."

"Nampenda mpaka nimekuwa mjinga. Nachemsha chai yake. Naimwaga. Kesho nachemsha tena."

"Mwambie basi."

"Nikimwambia samahani ananitazama vile. Na kwenye simu ataongea na watoto, kisha 'haya, usiku mwema'."

"Si una sauti ya kulaza watu?" mama alisema, akainuka, akaliminya goti mara ya mwisho. "Mtumie hiyo sauti. Asiweze kukutazama vile."

Akaondoka. Mashati hakuyachukua, na mfuko akausahau mtupu nyuma ya mlango. Mikono akauona baadaye, akasema moyoni mama kazeeka.

Mchana Bwana Mdogo akalala. Nyumba ikawa na ule utulivu wa mchana, wa nguo kukauka kambani na bomba la jirani kudondosha maji. Mikono akajilaza kando ya mwanawe, akashika simu. Kwenye sehemu ya kutafuta jina akaandika *bega*, akaligusa lililotokea, akafumba macho kama afanyavyo kazini, kwa sababu macho yakiwa wazi maneno yake huwa na haraka. Akaanza kusema.

"Ni mimi. Usizime. Fumba macho, najua hupendi, fumba tu. Vuta pumzi. Siku ile nilikwambia samahani. Nimeifikiria sana ile samahani, nimeona ilikuwa ya kwangu. Nilitaka unisamehe haraka nirudi kwenye shughuli zangu. Pole sikukupa. Watu nisiowajua nawapa pole tangu asubuhi, mume wangu nimemnyima. Basi pole. Pole kwa kitanda chako. Pole kwa ule msasa uliopiga kwenye tundu, siku baada ya siku, ili lisimkwaruze mtu shavu. Niliisikia mvua na nilijua inamnyeshea nani. Toa pumzi. Mwanao kila mlango ukilia anaita baba. Hata akija muuza maziwa anamwita baba, na muuza maziwa ameanza kuitika. Mimi nalala upande wako wa kitanda. Mkono unatafuta bega, unakuta mto. Mto hauna hata fundo moja, hauna kazi na mimi. Kama bado unaumia, rudi uumie hapa nyumbani. Niko hapa. Sina haraka."

Akatuma. Akaiweka simu kifuani, akasinzia. Akaota chumba chenye mwanga mwingi na mtu anapiga mluzi usio na wimbo.

Kilichomwamsha ni simu kutetemeka. Ikatulia, ikatetemeka. Akaitazama kwa jicho moja.

Kiuno alikuwa ameandika: *Mwalimu, zoezi la leo nimelifanya lote. Pale pa mto nimelia. Tunarudia kesho?*

Dada wa benki: *Niko stoo, siwezi kutoka na macho haya.*

Mwalimu mstaafu: *Naomba kuuliza, ni bega la kulia au la kushoto?*

Shingo: *Mimi nimemrushia mume wangu hivi hivi ilivyo.*

Mikono akainuka ghafla hadi mtoto akageuka upande. Akasoma juu ya kioo, pale penye jina. Mabega. Si Bega. Mabega! Kwenye simu yake majina hayo mawili yalikuwa yakitokea pamoja kila alipotafuta, moja juu ya jingine, na kidole chake chenye akili kikamwangusha kwa silabi moja.

"Uwiii," alisema kwa sauti ndogo, ya kutomwamsha mtoto. Akataka kuifuta. Aifute ya nini? Kundi zima lilikuwa limeshasikiliza na mmoja ameshaieneza. Aibu ikampanda kutoka miguuni. Ubaya zaidi, yule mtu mmoja aliyetakiwa kusikia, ndiye peke yake hakusikia.

Simu ikaita. Mama mkwe.

"Umeamka?"

"Mama, umejuaje kama nililala?"

"Wewe kila mtoto akilala unalala. Sikiliza. Umenikosesha kazi leo. Nilikuwa nimempelekea huyu chakula karakana, nikaona mwalimu katuma zoezi, nikaweka spika kubwa nipate kufumba macho—"

"Ngoja, mama. Mwalimu yupi?"

"Goti ni mimi," mama akasema.

"Goti!"

"Usinipigie kelele. Nilijiunga nikuchunguze, nione hicho unachowafanyia watu. Kisha goti likapungua, nikaona ni ujinga kutoka." Akakohoa. "Basi nimeweka spika. Huyu ana mashine yake inanguruma. Uliposema upande wako wa kitanda, akaizima."

Mikono akajishika mdomo. "Akasema nini?"

"Hakusema. Alisimama vile na unga kichwani. Ikaisha. Nikadhani atakasirika kwamba umemwanika mbele za watu. Akaniambia, mama, rudisha nyuma pale penye pole."

"Umerudisha?"

"Nimerudisha mpaka chakula kimepoa. Sasa nakata simu, na mashati sikuyasahau, usije ukasema nimezeeka."

Alasiri jua lilikuwa limehamia ukuta wa pili. Binti mkubwa alikuwa mezani na hesabu zake. Mlango ukalia, na Bwana Mdogo akapiga kelele, "Baba!" kama kawaida yake, na Mikono akasema kwa mazoea, "Siyo baba, mwanangu, ni—"

Ilikuwa ni baba.

Alisimama kizingitini na ubao kwapani, umefungwa kwenye shati kuukuu, bega la kushoto limeshuka. Mtoto akamng'ang'ania mguu. Binti mkubwa akamkumbatia kiunoni, akamwangalia mama yake, akamwangalia baba yake, kisha akakusanya hesabu zake na mdogo wake, akaenda navyo chumbani. Alikuwa na akili, binti yule.

Wakabaki wawili. Mikono hakujua aweke wapi mikono yake, yeye, mwenye kuishi kwa hiyo mikono.

"Una suruali ya sungura," Bega alisema.

"Simu haiioni."

"Mimi naiona."

Akatabasamu kidogo, kisha tabasamu likaondoka. "Wateja wako wote wameshajua silali nyumbani."

"Nilikosea. Niliandika bega, ikaja na—"

"Najua. Nilikisia." Akamtazama. Alimtazama vile alivyokuwa akimtazama kutoka chini ya kitanda, kama mtu aliyekuta kitu ambacho hakukitafuta. "Umenihifadhi kwa jina hilo tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza. Wateja walikuwa wengi, nikawa naandika kinachouma."

Akacheka kwa pua. Akauweka ubao mezani, akakaa. "Mama huweka kipindi chako kila asubuhi, sauti juu, hasikii vizuri lakini hataki kukubali. Mimi niko chumba cha pili nimelala. Mwanzo nilijifunika kichwa. Nilisema, kwa ajili ya hivi ndiyo akaacha kitanda kilowe. Siku moja nikasikia mzee mmoja, mwalimu mstaafu, anakwambia amelala usingizi mzima kwa mara ya kwanza tangu mkewe afariki. Nikajua kwa nini hukuinuka. Lakini nilikuwa nimeshaondoka, na mtu ukishaondoka kwa hasira unaona haya kurudi bila sababu. Nikawa navuta pumzi na mabega ya watu. Ukisema toeni, nami natoa."

"Bega..."

"Niliumia, Mikono. Bado inaniuma kidogo."

Hakukimbilia kumwomba msamaha safari hii. Alimkaribia kwa nyuma, akaweka kiganja kwenye lile bega la kushoto, bila kubonyeza. Shati lilikuwa na joto. Kidole gumba kikaliona fundo pale pale kilipoliacha.

"Pole," alisema.

Bega akafumba macho. Akatoa pumzi ndefu, na kichwa chake kikarudi nyuma mpaka kikamgusa tumboni, na wakakaa hivyo, mwanga unateleza ukutani. Harufu ya mbao. Jamani, ile harufu. Mikono aliivuta yote.

"Pole na wewe," Bega alisema hatimaye, macho bado yamefumbwa. "Mtoto mgongoni, simu juu ya mkebe. Fundi seremala ndani ya nyumba, na mke wake anaegemeza kazi yake kwenye mkebe wa maziwa. Ningekuwa mteja ningenicheka."

Akainuka, akafungua lile shati kuukuu. Mikono akaziba mdomo. Ulikuwa ni ubao wa kichwani wa kile kitanda, ule wenye tundu. Ameukata sehemu zilizovimba, ameupiga randa, ameupaka mafuta, umekuwa rafu ndogo nene. Tundu lilikuwa katikati, limepunguzwa kwa pete ya mbao, mdomo wake laini kama zamani.

"Kipande hiki tu ndicho kilichopona," alisema. "Vingine vimekufa. Nilikuwa nakikata huku mama anapiga kelele mikono haipiti kwenye waya, nikasema, labda ipite hapa. Simu inalala juu, jicho lake linatazama chini kwenye tundu. Wewe unakaa chini yake, mezani. Wataiona mikono yako yote."

Alichukua ngazi uani, drili, na ile penseli ya sikioni. Mikono alikaa mezani alipoelekezwa, mikono yake wazi mbele yake, akisikiliza skrubu zikiingia ukutani juu ya kichwa chake. Unga wa ukuta ukamwangukia nywele. Hakuupangusa. Kisha drili ikanyamaza, na mluzi mdogo usio na wimbo ukaanza, ukakatika katikati.

Akainua macho. Ndani ya tundu hapakuwa na simu bado. Palikuwa na jicho, na nusu ya tabasamu, na unga kwenye kope.

"Linakutosha?" Bega akauliza.

Mikono alimtazama mpaka shingo ikaanza kumuuma.

"Linanitosha," akajibu. "Shuka huko juu."